Kupakia Kiti Mwendo Kwenye Gari: Mwongozo kwa Familia, Madereva na Makondakta wa Dodoma

Kiti mwendo cha chuma kinachokunjwa, kile tunachokiona zaidi wodini na majumbani hapa Dodoma, huwa na uzito wa kilo 15 hadi 20 hivi, yaani kama ndoo kubwa ya maji. Lakini ndoo ina mpini mmoja na hutulia popote unapoiweka, ilhali kiti mwendo kina magurudumu yanayozunguka, vikanyagio vinavyochomoka na fremu inayofunguka ghafla pale unapodhani umeishika vizuri. Ndiyo sababu hata watu wenye nguvu zao huumia kiuno wanapokipakia, na ndiyo sababu baadhi ya madereva hukunja uso wanapomwona abiria mwenye kiti kando ya barabara. Kazi yenyewe haidai nguvu nyingi ikifuata mpangilio: kwanza unapunguza uzito, kisha unakunja, kisha unaegemeza kwenye ukingo wa gari, na mwisho unatelezesha. Kunyanyua kiti kizima kwa mikono kutoka chini hadi juu ni njia ya mwisho, baada ya nyingine zote kushindikana.

Maelezo yanayofuata yanahusu magari tunayoyatumia hapa kwetu: gari dogo, Noah, bajaji, daladala, basi la mkoani na Kirikuu. Yanamhusu anayesaidia na yanamhusu pia mwenye kiti, kwa kuwa yeye ndiye anayekijua kiti chake kuliko mtu mwingine yeyote, na anastahili kuiongoza shughuli yote kwa sauti yake mwenyewe.

Kukijua kiti kabla ya siku ya safari

Kaa na kiti nyumbani, mahali penye kivuli, bila haraka, ukikague kipande kwa kipande. Viti vingi vinavyokunjwa vina vyuma viwili vilivyopishana chini ya kitambaa cha kukalia, na hukunjwa kwa kukivuta kitambaa hicho juu katikati, mbele na nyuma kwa pamoja. Viti vya fremu ngumu havikunjwi hivyo. Sehemu ya mgongo ndiyo hulala mbele, na magurudumu makubwa huchomolewa. Angalia katikati ya gurudumu kubwa kama kuna kitufe. Ukikibonyeza huku ukilivuta gurudumu, ekseli huachia na gurudumu hutoka bila spana. Kama badala ya kitufe kuna nati, gurudumu hilo halikutengenezwa litolewe kila safari, na ni afadhali kuliacha kuliko kuilegeza nati ambayo siku moja itasahaulika kukazwa.

Gurudumu kubwa moja huwa na kilo mbili hivi. Kiti cha kilo 18 kikitolewa magurudumu yote mawili, vikanyagio na mto, hubaki na kilo 12 hivi, na tofauti hiyo mgongo unaihisi mara moja. Kwa hiyo jifunze kuvitoa vipande hivyo na kuvirudisha mpaka mikono izoee. Kisha chukua futi ya fundi na upime vitu vitatu kiti kikiwa kimekunjwa: upana, urefu na kimo. Andika vipimo hivyo mahali usipovipoteza, kwa mfano kwenye simu. Utakapotafuta teksi, au utakapokwenda kuangalia gari la kununua, pima mdomo wa buti, yaani nafasi kati ya ukingo wa chini na mlango ulioinuliwa, kwa sababu buti linaweza kuwa pana sana ndani huku mdomo wake ukikikataa kiti.

Mazingira yetu nayo yana mambo yake. Vumbi na mchanga wa Dodoma huingia kwenye ekseli na kitufe chake, mpaka gurudumu lililokuwa likichomoka kwa kidole kimoja likahitaji kuvutwa na watu wawili. Futa ekseli kwa kitambaa kikavu kila wiki na uipake mafuta mepesi kidogo tu, kwa kuwa mafuta mengi huvuta vumbi zaidi. Kagua matairi kama yana mbigili kabla ya kutoka, hasa ikiwa njia ya kwenda barabarani inapita kwenye viwanja visivyojengwa. Kama matairi ni ya upepo, beba pampu ndogo na viraka. Ekseli ikiendelea kukwama, mpelekee mtaalamu badala ya kuigonga kwa nyundo. Mafundi waliosomea viti mwendo wapo, na chuo cha TATCOT kilichopo Moshi kimekuwa kikiwafundisha. Kwa kasoro ndogo ya beringi au spoku, fundi baiskeli mzuri wa mtaani anatosha.

Mahali pa kuegesha

Magari yetu yana usukani upande wa kulia na huenda kushoto, kwa hiyo abiria hushukia na kupandia upande wa kushoto, ule ulio karibu na ukingo wa barabara. Hilo ni zuri kwa usalama, lakini katika mitaa yenye mitaro ya wazi dereva akisogea mno ukingoni, mlango hufungukia juu ya mtaro na kiti hakipati pa kusimama. Mwambie aache nafasi ya mita moja na nusu kati ya gari na mtaro, au atafute uwanja tambarare mbele kidogo.

Mahali penye mwinuko, kama mitaa iliyo karibu na vilima vya Mlimwa, ligeuze gari ili nyuma yake ielekee juu ya mwinuko. Ardhi iliyo nyuma ya gari ikiwa juu zaidi, ukingo wa buti unakuwa chini zaidi kwako, na unapunguziwa sentimita kadhaa za kunyanyua bila gharama yoyote. Vuta handbreki, acha gari kwenye gia, na weka jiwe mbele ya tairi, upande wa bondeni, kabla mtu yeyote hajaanza kuhama.

Mtu aingie kwanza

Wakati wa kupanda, mtu huingia kwanza na kiti hufuata. Wakati wa kushuka, kiti hutangulia na mtu hufuata. Mpangilio huu usigeuzwe hata kama dereva ana haraka, maana mtu aliyeketishwa kwenye jiwe au kwenye ngazi ya duka huku kiti chake kikiwa tayari ndani ya gari hana tena uwezo wa kuamua chochote.

Sukuma siti ya mbele ya abiria nyuma kabisa na ufungue mlango mpaka mwisho. Leta kiti mwendo kando ya siti, kikiwa kimeelekea mbele na kimegeuzwa pembe kidogo, kisha funga breki zote mbili, ondoa vikanyagio, na utoe kiegemeo cha mkono cha upande wa gari kama kinatoka. Kabla ya kumshika mtu, muulize. Kijana anayemsaidia mzee ataanza na shikamoo, kisha atauliza, “Mzee, nishike wapi, na wewe unasogeaje?” Wengine husimama kidogo wakishika mlango, wengine huhama kwa mikono yao wenyewe, na wengine wanahitaji ubao wa kuvukia. Ubao huo seremala yeyote anaweza kuutengeneza: urefu wa sentimita 70, upana wa sentimita 25, unene wa sentimita mbili, mbao ngumu isiyo na nundu, iliyopigwa randa na msasa mpaka isibakie hata kibanzi kimoja. Ncha moja hukaa kwenye kiti na nyingine kwenye siti, na mtu huteleza hatua kwa hatua. Usimvute mtu kwa mikono wala kwa kwapa, kwa kuwa bega hutoka mahali pake kwa urahisi, hasa kwa aliyepooza upande mmoja. Weka kiganja chako chini ya ukingo wa paa la gari ili kichwa chake kisigonge.

Jambo moja linasahaulika sana katika mji wenye jua kama huu. Mtu aliyeumia uti wa mgongo huenda asihisi joto miguuni na makalioni, na siti ya gari lililosimama juani tangu asubuhi, au chuma cha kiti kilichoachwa nje, kinaweza kumuunguza bila yeye kujua mpaka malengelenge yatokee. Gusa siti kwa nyuma ya mkono wako kabla hajakaa, tandika kitambaa, na uhakikishe miguu yake haijagusa chuma chenye moto. Kidonda cha aina hiyo huchukua muda mrefu kupona. Mtu akishakaa, mfunge mkanda, ndipo ukigeukie kiti.

Kukunja na kupunguza

Toa mto kwanza na umpe mwenye kiti au uuweke kwenye siti ya nyuma. Usiuweke chini ya mizigo, maana mto uliobonyea au kupasuka unaweza kuleta vidonda vya mgandamizo. Baada ya hapo toa vikanyagio, viegemeo vya mikono vinavyochomoka, na begi lililoning’inia nyuma. Vyote hivi, isipokuwa mto, viingie kwenye mfuko mmoja wenye alama, hata kiroba safi kilichoandikwa jina kwa wino mzito. Kikanyagio kimoja kikibaki stendi, kiti hakiwezi kutumika vizuri tena, na kupata cha kufanana nacho ni kazi ngumu.

Kunja kiti kwa kukivuta kitambaa juu. Wakati wa kufungua, bonyeza kwa viganja vilivyo wazi juu ya reli za pembeni, vidole vikiwa vimeelekea ndani, kwa sababu kidole kilichozunguka reli hubanwa kati ya vyuma. Kiti kikishakunjwa, kifunge kwa mkanda au kipande cha tyubu ya baiskeli katikati ili kisifunguke mikononi mwako.

Kuingiza kwenye buti

Tandika kiroba cha nailoni, kile cha unga au mbolea kilichooshwa, kuanzia juu ya bampa mpaka ndani ya buti. Kiroba kinateleza vizuri kuliko zulia, na kinaikinga rangi ya gari, jambo ambalo humtuliza dereva wa teksi kuliko maneno yoyote. Acha ncha yake ining’inie nje, kwa sababu utaihitaji wakati wa kushusha.

Kisukume kiti kilichokunjwa hadi kwenye bampa, kikiwa sambamba na nyuma ya gari, kisha funga breki ili magurudumu yasizunguke unapokiinua. Kama magurudumu yanachomoka, yatoe sasa na uyaweke pembeni. Simama karibu kabisa na kiti, miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega, na ukunje magoti badala ya kuinama kiuno. Shika fremu yenyewe: mkono mmoja kwenye chuma cha mbele kilicho chini ya kitambaa, mwingine kwenye chuma cha nyuma chini ya mpini wa kusukumia. Usishike magurudumu, viegemeo wala spoku, kwa kuwa hivyo vyote vinazunguka au vinachomoka.

Sasa, badala ya kukinyanyua kiti chote, kiinamishe kuelekea garini mpaka ubavu wake wa juu uegemee kwenye ukingo wa buti. Hapo nusu ya uzito imebebwa na gari. Hamisha mikono yako ishike sehemu ya chini, nyoosha magoti, na uinue upande huo tu, ukingo wa buti ukiwa ndio egemeo, mpaka kiti kilale. Kisha kisukume juu ya kiroba. Ukitaka kubadilisha mwelekeo, geuza miguu, wala usikizungushe kiuno huku uzito uko mikononi. Magurudumu yaingie baadaye, yakilala juu ya fremu au kusimama nyuma ya siti.

Kama mko wawili, mmoja ahesabu kwa sauti na wote wainue kwa pamoja. Watu wawili wasioelewana huumizana kuliko mmoja aliye peke yake. Buti la gari dogo likikataa, jaribu mlango wa nyuma: fremu bila magurudumu mara nyingi husimama vizuri kwenye sakafu kati ya siti, ukiisukuma siti ya mbele nyuma ili iibane. Noah ni rahisi zaidi, kwa kuwa siti za nyuma zikikunjwa kiti huingia kikiwa kimesimama.

Kiti kikishaingia, kifungwe. Breki ya ghafla kwenye barabara ya Iringa au ya Singida hukirusha chuma cha kilo 12 mbele kwa nguvu kubwa. Hili linayahusu pia magongo na woka, yaani fremu za kutembelea: yalazwe sakafuni au yafungwe, wala yasiachwe yameegemea kwenye siti karibu na kichwa cha mtu.

Ubao wa kupandishia

Kiti kizito kikipandishwa kwa magurudumu yake mwenyewe huokoa migongo mingi. Kwenye majengo, mteremko unaopendekezwa ni kupanda sentimita moja kwa kila sentimita 12 za urefu. Kwa kiti kitupu kinachosukumwa kuingia garini unaweza kukubali mwinuko mkali zaidi, wa moja kwa sita: sakafu ya gari ikiwa na kimo cha sentimita 50, ubao uwe na urefu wa mita tatu. Fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza reli mbili za chuma zinazokunjika katikati, zenye kingo pembeni ili gurudumu lisitoke, na ndoano juu ya kushika ukingo wa gari ili reli zisirudi nyuma. Mwambie sehemu ya juu aiweke bati la maua, lile lenye michoro iliyoinuka, kwani chuma laini chenye vumbi au matope huteleza. Asipandishwe mtu akiwa ameketi kwenye reli za mwinuko huo.

Bajaji, daladala na mabasi

Kwenye bajaji, mtu huketi upande mmoja wa siti ya nyuma na fremu isiyo na magurudumu husimama upande wa pili, imefungwa kwa mpira kwenye nguzo, huku magurudumu yakiwekwa nyuma ya siti. Kisifungwe nje ubavuni, kwa sababu bajaji hupenya kati ya magari na kiti kitagonga.

Daladala ni ngumu zaidi, nami sioni sababu ya kulificha hilo. Mlango ni mwembamba, ngazi iko juu, na kondakta anahesabu dakika. Panda mwanzo wa ruti, pale Sabasaba kwa mfano, ambako gari husubiri abiria, kuliko kulisimamisha njiani. Zungumza na kondakta kabla ya kusogea: “Kaka, tuna kiti mwendo, kinakunjwa, dakika mbili tu tunamaliza.” Kondakta aliyeambiwa mapema husaidia, aliyeshtukizwa hukataa. Kiti kilichokunjwa hukaa nyuma ya siti ya dereva au nyuma kabisa, kamwe kisizibe mlango. Kuhusu nauli ya kiti, msimamo wangu ni mmoja: kiti hiki ndicho miguu ya abiria, na si haki kukitoza kama gunia la mahindi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009 na kutunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010, na mkataba huo unataja usafiri waziwazi katika ibara yake ya 9.

Kwa basi la mkoani kutoka stendi ya Nanenane, fika mapema ili kiti kiingie kwenye buti la chini baada ya mizigo mizito, kikilala juu yake au kusimama ubavuni, na kiwe karibu na mlango wa buti. Mto na mfuko wa vipande vibaki na abiria. Mwombe utingo akuonyeshe kilipowekwa, na umtajie unaposhuka. Keria ya juu ya paa iepukwe. Ikilazimu, kifungwe kwa fremu, sehemu nne, nacho kifunikwe dhidi ya vumbi.

Hakuna mtu anayepaswa kusafiri akiwa ameketi kwenye kiti mwendo chake ndani ya gari lisilo na vishikizo vya sakafuni. Kiti hushikwa kwa mikanda minne, miwili mbele na miwili nyuma, na mtu hufungwa mkanda wake mwenyewe mbali na huo. Breki za kiti hazitoshi hata kidogo.

Baiskeli za mikono na viti vya umeme

Baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono haiingii kwenye gari dogo. Ikodishie Kirikuu au guta, ipandishwe kwa ubao na watu wawili, mmoja akivuta usukani na mwingine akisukuma kutoka pembeni, si kutoka chini yake. Ifungwe kwenye fremu mbele na nyuma, tairi la mbele likiwa limenyooka.

Kiti cha umeme hufika kilo 50 na zaidi, kwa hiyo kisinyanyuliwe kizima. Kizime, toa betri kama zinatoka, achia gia ya mota ili kisukumike, na kipandishe kwenye reli. Kikishaingia, rudisha gia ya mota ili magurudumu yasizunguke, kisha ukifunge. Betri isafiri ikiwa imesimama wima, ncha zake zimefunikwa.

Dereva anayetumia kiti mwenyewe

Huyu huingia kupitia mlango wa kulia, ambao unatazama magari yanayopita, kwa hiyo ni bora aegeshe ndani ya kiwanja kuliko barabarani. Akishaketi, hulaza siti yake nyuma kidogo, huchomoa gurudumu la kwanza na kuliweka siti ya nyuma, kisha la pili, halafu huivusha fremu mbele ya kifua chake, kati ya tumbo na usukani, hadi siti ya kushoto na kuifunga mkanda. Fremu ngumu nyepesi ya alumini hurahisisha kazi hii kuliko kiti kinachokunjwa, na anayepanga kuendesha gari alizingatie hilo anapochagua kiti.

Kushusha

Vuta ncha ya kiroba, na kiti kitakujia bila wewe kujinyoosha ndani ya buti. Kiegemeze ukingoni, teremsha upande wa chini kwanza, rudisha magurudumu, kisha livute kila gurudumu kwa nje kwa nguvu, lisipotoka, limeshika. Fungua kiti, rudisha mto ukiwa umeelekea upande wake, funga breki na ujaribu kukisukuma. Kikitulia, kisogeze mlangoni, na mtu ahame. Vikanyagio hurudi mwisho, miguu ikiwa imeshatulia. Usimruhusu dereva aondoke kabla hujafungua mfuko na kuona kwamba hakuna kipande kilichobaki ndani yake wala chini ya siti.